Mwandishi Nyuma ya Meza

Mwandishi anayejua kuuza kitabu chake hana maneno mengi. Hilo utaligundua mapema ukikaa karibu na meza za waandishi kwenye maonyesho ya vitabu, au nje ya ukumbi semina inapoisha, au jioni kwenye maonyesho ya biashara ya Sabasaba, watu wanaporudi kutoka kwenye mabanda ya friji na magodoro wakiwa na mifuko mizito na pochi nyepesi. Mgeni wa kazi hii husimama, huita wapita njia, humsimulia kila anayegeuka hadithi nzima tangu mhusika alipozaliwa. Watu humsikiliza kwa adabu, humwambia "hongera sana kaka", wakaenda zao. Mzoefu ameketi. Kwa mzee anatoa shikamoo, kwa kijana "mambo vipi", kwa mama mwenye mtoto mgongoni anaanza na mtoto. Kisha anachukua nakala moja, anaifungua, anamwekea mtu mkononi.

Angalia anapofungua. Mara chache ni ukurasa wa kwanza. Ni ukurasa aliouchagua zamani, wa upande wa kulia, wenye mazungumzo juu na jambo lisiloisha chini, kiasi kwamba anayetaka kujua yule mke alijibu nini lazima ageuze karatasi. Wapo wanaomsumbua mpanga kurasa siku nzima ili sentensi fulani iangukie mwisho wa ukurasa huo na si juu ya ule unaofuata. Mpanga kurasa hudhani ni ukaidi tu. Basi muuzaji akishakupa kitabu ananyamaza. Anapanga nakala nyingine, anakunja mfuko, anatazama pembeni. Haombi kitabu kirudi. Mkono ukigeuza karatasi ya pili, yeye ameshajua, ila hasemi.

"Bei gani?"

"Elfu kumi, mama."

Bei nayo imefikiriwa. Ni elfu kumi au elfu tano, kwa kuwa hizo ni noti moja moja. Anayetaka elfu saba na mia tano hujikuta akitafuta chenji kwa muuza maji wa jirani huku mteja akiwaza upya kama kweli anakihitaji kitabu, na aliyeanza kuwaza upya kwa kawaida hurudisha. Siku hizi kuna Lipa Namba ya pesa za simu iliyobandikwa mezani, kwa hiyo chenji haisumbui kama zamani, lakini wazoefu bado wanapenda bei inayotamkika kwa pumzi moja.

Halafu linakuja swali ambalo mimi hulipenda kuliko yote: "Niandike jina la nani?" Huulizwa kalamu ikiwa imeshafunguliwa, mara nyingi kabla pesa haijatoka. Wapo wanaoliona ni hila. Mimi naona ni upole wenye hesabu ndani yake, maana papo hapo mnunuzi huanza kufikiri ni nani hasa atakayesoma, na mara nyingi si yeye. Ni dada yake aliye Dodoma, au baba aliyestaafu ualimu asiye na la kufanya mchana. Mwandishi anasikiliza, anauliza jina linaandikwaje, anaandika kwa mwandiko unaosomeka, anatia tarehe. Anayeandika jina la mtu vibaya hapo ameharibu kitabu cha elfu kumi na hawezi kukiuza tena.

Kazi hii tumezoea kuidharau. Mwalimu wa fasihi atakueleza kwa saa mbili jinsi mwandishi alivyojenga wahusika, lakini jinsi alivyofikisha nakala mia tatu kwa watu mia tatu wasiomjua anaiachia biashara. Nadhani anakosea. Sikio linalojua msomaji atachoka wapi ndilo linalojua mnunuzi atasita wapi, na waandishi wetu kadhaa walikuwa na masikio hayo yote mawili kichwani mwao.

Chukua David Maillu wa Kenya. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuwa msanifu wa michoro katika Sauti ya Kenya, mtu wa kazi ya mkono na jicho. Kabla ya kuandika vitabu vilivyompa jina, aliwauliza watu wa kawaida wanataka kusoma nini, kisha akawaandikia hicho hicho: mapenzi, pesa, pombe, siasa, ndoa zinazoyumba. Wachapishaji wakubwa wa Nairobi hawakuwa na hamu, basi akaanzisha kampuni yake, Comb Books. *Unfit for Human Consumption* na *My Dear Bottle* vilitoka 1973, na *After 4.30* ikafuata mwaka uliofuata. Vilikuwa vijitabu vidogo vinavyoingia kwenye mfuko wa koti au mkoba wa karani, na jina lile la saa kumi na nusu, saa ya kutoka kazini, lilimwambia mfanyakazi wa ofisi kwamba hiki kimeandikwa kwa ajili yake. Vikauzwa kwa maelfu. Tanzania ikavipiga marufuku mwaka 1976, Comb Books nayo ikaanguka baadaye, lakini Maillu hakuacha. Aliunda kampuni nyingine kwa jina lake mwenyewe akaendelea kuchapa.

Unaweza kuvichukia vitabu vile. Wasomi wengi wa wakati ule walivichukia. Ila tazama mpangilio wa kazi. Alianza na msomaji, akaja kwenye ukubwa wa kitabu, akaja kwenye jina, ndipo akafika kwenye mashine. Wengi wetu tunaanza na mashine, kisha tunazunguka na maboksi tukitafuta msomaji.

Upande wa Tanzania kuna Elvis Musiba, baba wa Willy Gamba, mpelelezi wa riwaya zake. *Kufa na Kupona* ilitolewa mwaka 1974 na East African Literature Bureau, shirika lililokuwa chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya ikavunjika 1977. *Kikosi cha Kisasi* ilipotoka 1979 ilikuwa na nembo ya Continental Publishers, kampuni ya Musiba mwenyewe. Alikuwa mfanyabiashara, na baadaye aliongoza chemba ya wafanyabiashara ya nchi, TCCIA. Kwa hiyo aliyekuwa anamtuma Willy Gamba kuvuka mipaka alijua pia ankara inasomwaje. Ben Mtobwa, kijana kutoka Kigoma, alifuata njia hiyo na kampuni yake, Heko Publishers, na mpelelezi wake, Joram Kiango, akasomwa hadi kurasa zikalegea. Hammie Rajab na Kajubi Mukajanga nao walikuwa na nembo zao. Karatasi zilikuwa adimu miaka ile. Riwaya moja ilipita kwa watu kumi, ikirudi bila jalada, na ninyi mliokuwa wanafunzi mnajua foleni ya kuazima ilivyokuwa ndefu kuliko foleni ya sukari.

Kilichowaunganisha watu hawa ni kujua hesabu ya karatasi, na hapo ndipo ufundi usioonekana ulipo. Kitabu huchapwa kwenye karatasi kubwa ambayo ikikunjwa hutoa kurasa 16. Kitabu cha kurasa 128 ni karatasi nane kamili. Cha kurasa 144 ni tisa. Cha 131 kinakufanya ulipie kurasa 144 na 13 zibaki tupu. Mwandishi asiyejua hilo hulalamika kwamba mchapaji amempiga. Anayejua hukaa na mswada, akafuta kurasa tatu ambazo kwa kweli hazikuwa na kazi, au akaongeza kurasa za mwisho zenye sura ya kwanza ya kitabu kijacho na namba ya simu ya kuagizia. Nimeona vitabu ambavyo tangazo hilo la nyuma ndilo lililouza toleo la pili la kitabu kingine.

Halafu kuna idadi. Mashine ya ofseti inataka mabamba, na gharama ya mabamba ni ile ile uchape nakala mia au elfu. Ndiyo maana mchapaji hukushawishi uchape elfu: bei ya nakala moja inashuka hadi inakutia wazimu wa furaha. Mashine ya kidijitali haina mabamba, kila nakala ni ghali, lakini unaweza kuchapa hamsini. Mzoefu huanza na hizo hamsini au mia, akazipeleka kwa watu, akasikiliza wanakwama wapi, jalada linaeleweka au la, makosa ya herufi yamejificha ukurasa gani. Baada ya hapo ndipo anakwenda kwenye ofseti. Elfu moja za ghafla huishia chini ya kitanda, na mchwa wa Dar es Salaam hawachagui fasihi.

Tuseme nakala 500 zimegharimu shilingi 4,000 kila moja. Hizo ni milioni mbili. Kwa bei ya elfu kumi, ukiuza kwa mkono wako, nakala ya 200 inakurudishia mtaji. Duka la vitabu kwa kawaida huchukua kama theluthi ya bei au zaidi kidogo. Likichukua asilimia 35 unapokea 6,500, na mtaji unarudi kwenye nakala ya 308. Faida yako kwa nakala ni 6,000 mkononi, 2,500 dukani, kabla hujahesabu nauli. Wapo wanaolikimbia duka kwa hesabu hiyo. Naona wanakosea, kwa sababu duka linakuuzia siku una malaria, na linakuuzia kwa mtu ambaye hatakaa akutane nawe maishani.

Dukani mambo huenda kwa mali kauli: unaacha vitabu, unalipwa vikishauzwa. Hapa ndipo fundi anapotofautiana na mlalamikaji. Mlalamikaji huacha nakala hamsini, akarudi baada ya miezi minane akiwa amekasirika. Fundi huacha tano. Ana daftari la nakala mbili, mwenye duka anatia sahihi, karatasi moja inabaki pale. Baada ya wiki tatu anapita. Hapiti Januari, wakati maduka yamejaa wazazi wenye orodha za shule na hakuna mtu mwenye macho kwa riwaya. Anapita katikati ya mwezi, mchana tulivu, anasalimia, ananunua hata kalamu. Anatazama kwenye rafu bila kugusa. Kama kitabu kimesimama kwa mgongo tu, ataomba kwa upole kigeuzwe kionyeshe jalada, na kama nafasi haipo hang'ang'anii. Zikiwa zimeuzwa tatu, analipwa tatu, anaongeza tatu. Tano zinazopungua zinamfanya mwenye duka aone biashara. Hamsini zilizosimama zinamfanya aone deni.

Na kuna yule binti wa kaunta. Waandishi wengi hupita mbele yake kwenda kumtafuta bosi. Aliyeiva anampa nakala ya bure, akimwandikia jina, kwa kuwa mteja anayeingia akisema "nataka kitu kizuri cha kusoma safarini" humwuliza binti huyo. Akiwa amekisoma kweli, na kimempendeza, hakuna tangazo linaloshindana naye. Asipokipenda pia mwandishi amejifunza jambo, maana atamwambia.

Nairobi ina ngazi nyingine za kazi hii. Kuna wauza vitabu wa chini, wale wa inama, waliotandaza vitabu kando ya barabara za katikati ya jiji, na huko mwandishi mwenye kujitegemea hujifunza kwamba jalada lazima lisomeke na mtu aliyesimama wima akitazama miguuni pake. Herufi nyembamba za kupendeza zinazoonekana vizuri kwenye kompyuta hufia pale. Na kuna maduka kama Nuria, yaliyojijengea jina kwa kuwapokea waandishi wanaojichapishia, jambo ambalo maduka makubwa yaliyozoea vitabu vya shule yalikuwa yakilifanya kwa kusitasita. Kwa miaka hii kadhaa nadhani Kenya imetupita katika hili, na sioni haya kusema.

Uzinduzi wenye mgeni rasmi, kwa upande mwingine, unanipa mashaka. Unajua ulivyo: viti vimevalishwa vitambaa, MC anapaza sauti, nakala ya kwanza inapigwa mnada, mheshimiwa anainunua kwa milioni moja na picha inapigwa. Pesa ni pesa, mchapaji atalipwa. Lakini mheshimiwa hatakifungua, na waliochanga kwa kuona aibu hawatakitaja kwa mtu. Nimezungumza na waandishi waliofanya uzinduzi wa kishindo na kukaa mwaka mzima bila kupata simu moja ya msomaji asiyewajua.

Simu hiyo ya mtu usiyemjua ndiyo soko. Wanaoifahamu wanaifanyia kazi usiku, kwenye WhatsApp na Facebook, kwa hadithi zinazotoka sehemu kwa sehemu. Ufundi wenyewe una babu zake: magazeti yetu yalikuwa na riwaya za mfululizo miaka mingi, na Eric Shigongo alijenga jina lake, kupitia magazeti ya Global Publishers, kwa kujua mahali pa kukata. Mkato mzuri hauji mtu anapopigwa risasi. Unakuja pale mlango unapogongwa na msomaji anamjua anayegonga kabla mhusika hajamjua. Mwandishi hutoa sehemu kumi au kumi na tano bure, saa tatu usiku, kila siku bila kukosa, maana watu wameshamaliza kula na watoto wamelala. Sehemu hizo zikiisha anasema kitabu kizima kipo, anaweka namba. Akikosa siku mbili katikati, kundi linapoa, na kulipasha moto upya ni kazi kuliko kuandika.

Mauzo haya ya mbali yasingewezekana kirahisi kabla ya pesa za simu. M-Pesa ilianza Kenya 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, na bila makelele ikamfanyia mwandishi wa Songea kile ambacho benki na posta hazikumfanyia: msomaji wa Mwanza analipa akiwa kitandani, ujumbe wa muamala ndio risiti, na jina linalotokea kwenye ujumbe huo linaingia kwenye daftari la wasomaji.

Kinachobaki ni kukisafirisha kitabu kwa basi. Na hapa, kama unapenda kuangalia watu wakifanya kazi vizuri, nenda ukaangalie. Kitabu kinafungwa kwanza kwenye nailoni, kwa sababu ya mvua na kwa sababu huwezi kujua kitakaa juu ya ndoo ya nini. Juu yake karatasi ya kaki. Pembe zinawekewa vipande vya boksi, maana pembe ndizo hufika zimevunjika. Jina la mpokeaji na namba yake ya simu vinaandikwa pande mbili, kwa kalamu nene, na namba ya mtumaji chini. Kwenye ofisi ya vifurushi, pale Mbezi, Dar es Salaam, ambako mabasi ya mikoani yalihamia mwaka 2021 kutoka Ubungo, mwandishi anapiga picha kifurushi, anapiga picha risiti, anaandika namba ya basi, na kumtumia msomaji kabla gari halijawasha taa: "Mzigo wako umepanda, dada. Kesho saa nne asubuhi upo stendi." Kesho saa tano anapiga simu kuuliza kama umefika. Simu hiyo ndiyo watu wengi huisahau.

Nauli ya kifurushi kimoja inaweza kula faida yote, kwa hiyo wenye akili hawatumi kimoja kimoja. Wanangoja oda za Mwanza zifike saba, wanazifunga pamoja, wanampelekea msomaji mmoja anayeaminika, mara nyingi mwalimu au muuguzi, ambaye anagawa na kubaki na elfu moja moja kwa kila nakala. Mtu huyo si mwajiriwa wa mtu. Alianza kwa kupenda kitabu. Mwandishi akitoa kipya, yeye ndiye wa kwanza kuambiwa.

Kuna maumivu katika kazi hii na sitayapaka rangi. Kitabu ulichokihangaikia miaka mitatu kinasambazwa kama faili la PDF kwenye kundi la watu mia mbili, na mmoja wao anakuandikia kukupongeza. Tuna sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 na tuna chombo cha kuisimamia, COSOTA, lakini hakuna anayeweza kusimama mlangoni mwa kila kundi. Niliowaona wakidumu hawapigani na kila faili. Humjibu yule aliyepongeza, kwa utaratibu, bila matusi, wakamwambia nakala ya karatasi ni kiasi gani na inafikaje. Baadhi hununua. Wengine huona aibu na kujitoa kwenye kundi, na hiyo nayo si hasara.

Toleo la kwanza likiisha, daftari lile la wasomaji ndilo linaloamua toleo la pili liwe la nakala ngapi. Lina majina, namba, miji, na pembeni maneno mafupi: "anataka cha mke wake pia", "alisema uk. 87 Juma ameitwa Jumanne", "asipigiwe Ijumaa mchana". Ukurasa wa 87 unarekebishwa. Jalada linaongezwa unene kidogo kwa sababu watu wa Tanga wamelalamika kwamba linajikunja kwa joto. Halafu mwandishi anaanza kupiga simu, jina moja baada ya jingine, kuwauliza wale wa kwanza kama wanajua mtu ambaye bado hajasoma.